Kamba Iko Wapi?

Jomvu Kuu, Mombasa
9 Februari 1947

Mwanangu Mohdhar,

Pokea salamu zangu na za mkaza-mjomba wako Barke. Amesimama hapa mlangoni ananihimiza nikupe kwanza habari za mguu wake. Mguu haujambo. Umevimba kidogo, lakini ulimi haukuvimba, unafanya kazi kama kawaida. Mgomo umekwisha na treni zinakwenda tena, kwa hivyo natumai barua hii itakufikia huko Kampala kabla hujaota ndevu. Yule mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Paa la jikoni linavuja palepale, nami nimesema nitaliziba, kama nilivyosema mwaka jana.

Sasa nisikilize, maana kuna jambo linaninyima raha. Shule ya Changamwe imeletewa mwalimu mpya, kijana wa Kigiriama aitwaye Kaviha, Mkristo, mtu wa adabu, havui viatu hata kukiwa na matope. Juzi nilipotoka ghalani nilimkuta mkahawani karibu na stesheni, akiwaambia watu kwamba ukiangusha jiwe zito na jiwe jepesi kwa pamoja, yatafika chini pamoja. Nikadhani anatania, nikacheka. Kumbe nimecheka peke yangu. Akayarudia maneno yake polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga vifungo vya shati.

Mwanangu, mimi nimepima mbata na korosho katika ghala lile tangu kabla hujazaliwa. Jiwe la mizani la ratili kumi ukilishika, linakuvuta mkono, linataka kwenda chini. La ratili moja hata halina habari nawe. Basi inakuwaje mwenye haraka na asiye na haraka wafike pamoja? Nikamuuliza hivyo. Akasema ardhi ndiyo inayovivuta vyote. Nikamwambia, "Mwalimu, kila kinachovutwa kina kamba. Ng'ombe ana kamba, ndoo ya kisimani ina kamba, hata behewa lina mnyororo. Kamba ya ardhi iko wapi?" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka, lakini jibu hakunipa.

Wewe uko chuo kikubwa na unasoma mambo haya haya ya nguvu na mwendo. Muulize mwalimu wako Mzungu, kisha uniambie kama niko sawa ama siko sawa. Tangu mama yako alipofariki, Mungu amrehemu, akakuacha mikononi mwangu, sijakuomba kitu. Leo naomba hiki.

Mimi mjomba wako, mbishi wa Jomvu,
Mwinyihaji


Kampala
16 Machi 1947

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama Barke, na mguu wake nauombea. Mimi ni mzima. Mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa. Chakula chetu ni ndizi za kupika, jana ndizi na leo ndizi, nami nimeanza kuzipenda. Usimwambie Mama Barke, atadhani nimeusahau mkate wake wa mofa. Habari ya mapacha imenifurahisha sana. Mmoja mwite Kampala.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na habari ya mwalimu Kaviha nimeielewa. Mjomba, maneno yako yana uzito. Nimeyaweka kichwani. Mwalimu wetu ana shughuli nyingi muhula huu, kwa hivyo sijapata nafasi ya kumuuliza. Isitoshe, wewe umeandika kwa herufi zetu za Kiarabu, naye hazisomi.

Tafadhali usibebe magunia. Kazi yako ni kupima, wabebaji wapo.

Mwanao mtiifu,
Mohdhar


Jomvu Kuu
27 Aprili 1947

Mwanangu Mohdhar,

Sote wazima. Kampala ni mtundu, amekula nusu ya mkeka wa kusalia. Mguu wa Barke umepungua. Yeye anasema ni dawa ya mwarobaini, mimi nasema ni kwa sababu barua yako imefika.

Barua hiyo nimeisoma barazani baada ya sala ya alasiri. "Maneno yako yana uzito." Nikawaambia, mnasikia? Huyo ni mtu wa chuo anayesema, si mchuuzi wa samaki. Barke anasema, "Weye siku hizi hata chumvi huombi bila kum'taja Mohdhar." Ni kweli, wala sioni haya.

Kaviha naye hajanyamaza. Sasa kaja na jingine. Anasema kitu kikishaanza kwenda, kitaendelea milele mpaka kizuiwe. Nikampeleka nje ya ghala nikamwonyesha mahamali na mkokoteni wao. Nikasema, "Huyu akiacha kusukuma, mkokoteni unasimama. Nani aliyeuzuia?" Mimi naona nguvu ni kama mafuta ya taa. Unayatia kwenye kitu, kitu kinakwenda, mafuta yakiisha kinasimama. Yeye anasema ni barabara na magurudumu yanayosuguana. Anabisha vizuri, huyu kijana, na hakasiriki. Lakini kushindwa hataki.

Nikwambie kitu ambacho siwaambii wa barazani. Wao wananikubalia kwa sababu mimi ni mzee, na wengine kwa sababu kahawa ni yangu. Kukubaliwa namna hiyo hakunishibishi. Ndiyo sababu neno lako wewe nalithamini. Kama mwalimu wako hazisomi herufi zetu, mtafsirie, ulimi si unao? Muulize hasa ile habari ya kamba.

Mjomba wako, mbishi wa Jomvu,
Mwinyihaji


Kampala
22 Juni 1947

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilishikwa na homa, na homa ilipoachia ikaja mitihani. Zote mbili nimezishinda, alhamdulillahi. Mwambie Mama Barke kwamba rafiki yangu mmoja wa huku, Odhiambo, amenipa blanketi lake la pili, kwa hivyo asinishonee jingine, macho yake ayapumzishe.

Kuhusu mawe na mkokoteni, mjomba, mimi ni nani nikupime wewe uliyenishika mkono nikajifunza kushika kalamu? Watu wa vitabu wana yao na watu wa mizani wana yao. Wengi huku wangefaidika kukusikia. Siku nikija tutakaa tuzungumze vizuri, maana mambo mengine hayaandikiki.

Je, paa umeliziba? Masika haya natumai jikoni hakukujaa maji.

Mwanao mtiifu,
Mohdhar


Jomvu Kuu
20 Julai 1947

Mwanangu Mohdhar,

Ramadhani imeingia. Barke amefunga pamoja na mguu wake, nami nimemkataza, naye amenikatalia. Paa sijaliziba. Usiniulize tena.

Nina habari kubwa. Karibu na stesheni inajengwa nyumba ya ghorofa, na fundi mkuu ni mtu tunayefahamiana. Amekubali Idd pili nipande juu na mawe yangu mawili ya mizani, la ratili kumi na la ratili moja. Nitayaachia kwa wakati mmoja mbele ya watu. Chini tutatandika bati. Macho yanaweza kudanganyika, lakini mlio hauna udugu na mtu. La kumi litalia kwanza, kisha la moja, na watu wote watasikia milio miwili. Nimewaalika wa Jomvu wote, na wa Changamwe wanaotaka, na wazee wawili wa kutoka Mjambere wameahidi kuja.

Kaviha alikuja nyumbani baada ya futari. Alikataa hata uji. Akaniambia, "Mzee, tulifanye mimi nawe tu, ghalani, pasiwe na watu." Nikamuuliza, "Unaogopa?" Akasema, "Naogopa, lakini si kwa ajili yangu." Mtu akiona ameshindwa hutafuta mlango wa nyuma, basi mimi nimeufunga. Nimemwambia kwamba kijana wangu aliyeko chuoni amesimama upande wangu, na hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wote.

Ikiwa nimekosea kusema hivyo, niandikie upesi. Treni inafika kabla ya Idd.

Mjomba wako, mbishi wa Jomvu,
Mwinyihaji


Kampala
3 Agosti 1947

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Barua yako nimeipata jana na leo nakujibu. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Nakusihi uahirishe jambo lile. Ngazi za mafundi si za kuaminika, nawe magoti yako unayajua. Utakuwa umetoka katika saumu na mwili haujapata nguvu. Watu wakijaa chini, jiwe likiruka kwenye bati linaweza kumpiga mtoto wa watu, tukaingia katika maneno. Na Mama Barke siku ya Idd ana wageni, nani atamsaidia? Ngoja mpaka Desemba. Nitakuja, tutalifanya pamoja, sisi wawili, kama alivyosema mwalimu Kaviha.

Zaidi ya hayo sina la kuongeza.

Mwanao mtiifu,
Mohdhar


Kampala
16 Novemba 1947

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu Idd na sijapata jibu hata moja. Kama mna ugonjwa, mtu aniandikie. Kama barua zinapotea njiani, basi hii isipotee.

Mimi ni mzima. Nasikitika kukwambia kwamba Desemba sitaweza kuja. Chuo kimetafuta watu wa kubaki kupanga vitabu, nami nimejitolea. Nisalimie Mama Barke na mbuzi.

Mwanao mtiifu,
Mohdhar


Jomvu Kuu
28 Desemba 1947

Mohdhar,

Hatuna ugonjwa. Barua zako zote zimefika. Barke anakusalimu. Kampala tulimchinja Idd ya mfungo tatu, alikuwa amenona.

Hujaniuliza mawe yalikuwaje. Katika barua tatu umeuliza mguu, paa na mbuzi, mawe hukuyauliza. Basi nitakwambia.

Barua yako ya Agosti niliipata siku moja kabla ya Idd. Nikamwambia Barke, "Mtoto anahofia magoti yangu." Nikafurahi, Mungu shahidi. Idd pili nikavaa kanzu mpya na kilemba, nikapanda ngazi. Watu walijaa mpaka relini. Nikayaachia mawe. Nikasikia mlio mmoja.

Nikasema mkono wangu wa kushoto umechelewa. Wakanipandishia mawe kwa kamba ya mafundi, nikabadilisha mikono. Mlio mmoja. Nikamwita fundi ayaachie yeye, kijana mwenye mikono imara. Mlio mmoja, Mohdhar. Hapo watu wakaanza kucheka. Kucheka si neno, ilikuwa siku ya Idd na kila mtu alikuwa na kicheko cha akiba. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, haya twambie, na mizani yako ndivyo ipimavyo?" Hilo la mizani limenifuata mpaka leo. Mkulima akileta mbata ghalani siku hizi, anatazama mshale kisha ananitazama mimi.

Kaviha hakucheka. Alipanda akanishika mkono, tukashuka pamoja. Akanipeleka mkahawani kwa mlango wa nyuma, ule ule nilioufunga. Alikuwa ananifariji. Akasema, "Usijione mjinga, mzee. Hata sisi hatukuamini mpaka tulipofanya kwa mikono yetu. Kila anayesoma somo hili hufanya jaribio hili muhula wa kwanza. Hata kijana wako Mohdhar amelifanya." Alipoona uso wangu akaagiza kahawa nyingine.

Sikuandikii kwa sababu nilishindwa. Nimeshindwa mara nyingi, muulize Barke. Nakuandikia nikuulize jambo moja, na safari hii usinitajie homa wala ngazi. Ulikuwa ukijua?

Mwinyihaji


Kampala
18 Januari 1948

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za mvua wala za ndizi.

Ndiyo, nilikuwa nikijua. Nilijua tangu kabla ya barua yako ya kwanza. Tuliangusha mawe mawili kutoka dirishani, mwalimu akatuita tusikilize, nami nikasikia mlio mmoja kama uliousikia wewe. Siku ile niliwaza nitakavyokuja kukuonyesha, na jinsi utakavyokataa, nikacheka peke yangu. Kisha barua yako ikaja, ukiwa umeshasimama mbele za watu na upande wako umeuchagua. Nikaona haya kukwambia umekosea. Nililelewa nyumbani kwako kwamba mtoto hamkosoi mzee, na mimi kwako si mtoto wa hivi hivi, kila kitu changu kimetoka mkononi mwako. Nikaandika maneno matamu. Ya pili yakawa rahisi zaidi kuliko ya kwanza. Ulipokuja kusema umewaambia watu, nikaandika ukweli kwenye karatasi mara mbili, na mara mbili nikauchana.

Wewe ulikuwa ukiniambia nilipokuwa mdogo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimemchelea mzee, na sasa nalia. Nilikuacha upande ngazi ile, mjomba, nami nilijua bati litalia mara moja. Hakuna siku inayopita nisiyowaona watu wale wakikucheka.

Sasa nikwambie yote. Umekosea katika mawe. Hewa ikiwa si kizuizi kikubwa, zito na jepesi hufika pamoja. Lile zito linavutwa zaidi, kama ulivyosema, lakini pia ni gumu zaidi kusukumika, na haya mawili yanalingana kabisa. Umekosea katika mkokoteni pia, msuguano ndio unaousimamisha. Lakini wiki iliyopita nilimwendea mwalimu nikamfasiria barua yako ya Februari, ile uliyonitaka nimfasirie. Nilipofika kwenye kamba aliweka chini kiko chake. Akasema hata yule aliyekuwa wa kwanza kuupima mvuto huo alipoulizwa unapitaje kutoka kitu hadi kitu, alikataa kubahatisha. Akasema waliokuja baada yake wana majibu ya hesabu, lakini swali lenyewe halijazeeka. Kisha akaniuliza, "Nani aliyeuliza hivi?" Nikamwambia ni mjomba wangu, mpima mbata. Akasema, "Kwa nini hukuniletea mwaka jana?"

Mjomba, nilikuwa na swali lako zuri mkononi mwaka mzima nikalificha pamoja na kosa lako. Ukinitukana ni haki yako. Nakuomba unijibu kwa ukali. Nikatae. Niambie msuguano ni upuuzi, uniulize tena kamba iko wapi, nami nitakujibu neno kwa neno, wala sitakuonea haya tena. Nitakuja Aprili, chuo kikiruhusu kisiruhusu.

Mpwa wako,
Mohdhar


Jomvu Kuu, Mombasa
14 Machi 1948

Kwa kijana wetu mpenzi Mohdhar,

Salamu nyingi sana zikufikie huko uliko. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mkaza-mjomba wako hajambo na mguu umepona. Paa la jikoni limezibwa. Aliyeliziba ni mwalimu Kaviha, alipanda mwenyewe na makuti yake akiwa na viatu miguuni. Huja hapa kila Jumapili akitoka kanisani, akimleta na mkewe Jumwa, azungumze na Barke. Sisi wawili hukaa uani na kubishana mpaka kahawa inapoa na Barke anatutishia kutumwagia maji. Jumapili iliyopita aliniambia wazi, "Hapo umepotea kabisa, mzee," nami nikamwambia yeye amepotea tangu alipovaa viatu. Bado hajanionyesha kamba.

Tumefurahi kusikia kwamba huenda ukaja Aprili. Chumba chako kipo kama ulivyokiacha, na Barke atakuokea mkate wa mofa.

Barua yako nimeisoma, na maneno yako yana uzito.

Wasalaam,
Mwinyihaji